Namna ya kutunga kamusi elezo ya sheria ya kimataifa kwa Kiswahili: mwongozo kwa watunzi wa Lubumbashi

Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya tarehe 18 Februari 2006 inasema, katika kifungu cha 215, kwamba mikataba ya kimataifa iliyofungwa kwa utaratibu unaotakiwa huwa na nguvu kuliko sheria za nchi tangu inapochapishwa, ilmradi kila mkataba unatekelezwa pia na upande wa pili. Kifungu cha 153 kinaziagiza mahakama za kiraia na za kijeshi kuitumia mikataba iliyoridhiwa ipasavyo. Kwa hiyo hakimu wa Lubumbashi, wakili wa Likasi na karani wa ushirika wa wachimbaji wadogo wa Kolwezi wanaishi chini ya sheria ambayo sehemu yake kubwa iliandikwa Geneva, New York, Roma au Addis Ababa, kwa lugha ambazo wengi wa wananchi wanaoguswa nayo hawazisomi.

Mwongozo huu ni kwa kundi dogo la walimu wa sheria, mawakili, wakutubi na wafasiri walio tayari kufanya kazi pamoja kwa miaka kadhaa ili kutunga kamusi elezo ya sheria ya kimataifa kwa Kiswahili, wakiwa hapa hapa Lubumbashi. Naamini kazi hiyo inawezekana, na naamini kwamba thamani yake itategemea jambo moja: kila makala imwonyeshe msomaji ni nini kinachofunga, kinamfunga nani, tangu tarehe gani, na kwa andiko lipi. Ufasaha, wingi wa kurasa na majina makubwa ya wanazuoni vinakuja nyuma ya hilo.

Kuweka mipaka ya kazi

Neno "kamili" huwaponza watunzi wengi. Kifungu cha 102 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa kinazitaka nchi wanachama kuandikisha kwenye Sekretarieti kila mkataba zinaoufunga, na mkusanyiko uliotokana na agizo hilo una makumi ya maelfu ya mikataba. Hakuna kundi la watu linaloweza kuieleza yote, wala hakuna msomaji anayeihitaji yote. Ukamilifu unaofaa kutafutwa ni wa namna nyingine, yaani kwamba msomaji akija na swali la kweli, fahirisi imfikishe kwenye makala inayolijibu, au inayomwambia wazi kwamba sheria bado haijalijibu.

Kwa sababu hiyo, anzeni kwa kukusanya maswali kabla ya kukusanya mikataba. Waulizeni makarani wa mahakama ni vifungu vipi vya kimataifa vinatajwa katika hati za mashtaka. Waulizeni wafanyabiashara wanaovuka Kasumbalesa ni haki gani wanadaiwa kuwa nazo na ni zipi wanazonyimwa. Waulizeni wanafunzi wa Kitivo cha Sheria cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi ni dhana zipi wanazikariri bila kuzielewa. Orodha ya maswali ikishapatikana, ipangeni katika duara tatu: ya ndani ni sheria inayoifunga Kongo moja kwa moja, ya pili ni sheria ya jumla inayozifunga nchi zote, ya tatu ni mashauri na matukio ya mahali pengine ambayo bila hayo duara mbili za kwanza hazieleweki. Duara ya ndani ipewe nafasi kubwa kuliko zote, hata kama vitabu vya Ulaya vinafanya kinyume. Kamusi inayotumia kurasa nyingi kwa sheria ya bahari kuu na aya moja kwa sheria ya mito na maziwa ya mpakani haijatungwa kwa ajili ya watu wanaoishi kati ya Luapula na Tanganyika.

Mifupa ya kila makala

Mahali pa kuanzia ni kifungu cha 38 cha Sheria ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, iliyotungwa mwaka 1945 pamoja na Mkataba wa Umoja wa Mataifa. Kifungu hicho kinaitaja mikataba, desturi ya kimataifa inayothibitisha mwenendo uliokubaliwa kuwa sheria, na kanuni za jumla za sheria. Kisha kinaongeza hukumu za mahakama na mafundisho ya wanazuoni, lakini kama njia za kusaidia tu kuitambua sheria. Kila sentensi ya kamusi inayodai kwamba "sheria inasema" iweze kurudishwa kwenye mojawapo ya vyanzo hivyo, na mwandishi aonyeshe ni kipi.

Orodha hiyo, hata hivyo, haitoshi. Maazimio ya Baraza la Usalama hayamo ndani yake, ilhali kifungu cha 25 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa kinawalazimu wanachama kuyatii maamuzi ya Baraza hilo. Mtunzi anayekifuata kifungu cha 38 peke yake atayakosa, na anayeyachukua maazimio yote kwa uzito mmoja atachanganya amri ya Baraza la Usalama na pendekezo la Baraza Kuu.

Makala ya kwanza iwe ile inayotugusa wenyewe

Ushauri wangu, ambao najua baadhi ya wenzangu hawaupendi, ni kwamba makala ya majaribio, ile ambayo kundi zima litaiandika pamoja ili kupata mfano wa makala nyingine zote, iwe "Kujitenga kwa eneo la nchi", na kwamba mfano wake mkuu uwe Katanga. Hapa Lubumbashi jambo hilo si la vitabuni. Wapo wazee wa Kenya na Katuba, mitaa ya mji huu, ambao baba zao walisimama upande mmoja, na wapo ambao baba zao walifukuzwa na upande huo. Kundi likiweza kuandika makala hii kwa namna ambayo wote wawili wataikubali kuwa ya haki, litaweza kuandika yoyote. Tena hakuna makala inayogusa vyanzo vingi vya sheria kwa mara moja kama hii.

Ianzeni kwa matukio na tarehe. Tarehe 11 Julai 1960, siku chache baada ya uhuru, Moïse Tshombe, kiongozi wa jimbo la Katanga, alitangaza mjini Élisabethville, mji ambao tangu mwaka 1966 unaitwa Lubumbashi, kwamba Katanga ni nchi huru. Kujitenga huko kulikoma Januari 1963. Katika muda wote huo hakuna nchi iliyoitambua Katanga rasmi. Hayo yaandikwe bila sifa na bila lawama.

Kisha mtunzi aulize kama Katanga ilitimiza masharti ya kuwa nchi. Vitabu vingi vitamkimbiza kwenye Mkataba wa Montevideo wa tarehe 26 Desemba 1933, unaotaja watu wa kudumu, eneo lililobainishwa, serikali, na uwezo wa kuhusiana na nchi nyingine. Hapa ndipo nidhamu ya kamusi inapojaribiwa mara ya kwanza. Mkataba wa Montevideo ni wa nchi za bara la Amerika, na Kongo haimo. Ukiutaja kana kwamba unaifunga Kongo, umemdanganya msomaji. Unaweza kuutaja kama ushahidi wa desturi inayokubaliwa na nchi nyingi, na sentensi iseme hivyo hivyo.

Hatua inayofuata ni Baraza la Usalama. Azimio namba 169 la tarehe 24 Novemba 1961 lililaani shughuli za kujitenga na kulikataa dai kwamba Katanga ni taifa huru lenye mamlaka yake. Lilipitishwa kwa kura 9 bila kura ya kupinga, Ufaransa na Uingereza zikijizuia. Mtunzi asome azimio lenyewe, siyo muhtasari wake, kwa kuwa maneno ya maazimio hupimwa moja moja, na tofauti kati ya "kulaani", "kutaka" na "kuamua" ndiyo tofauti kati ya maoni na amri.

Baada ya hapo ije mipaka. Mpaka wetu wa kusini na Zambia unatokana kwa sehemu kubwa na mapatano ya tarehe 12 Mei 1894 kati ya Uingereza na Mfalme Leopold II, aliyetia saini kama mtawala wa Nchi Huru ya Kongo na siyo kama mfalme wa Ubelgiji. Andiko hilo lilipita mikononi mwa Ubelgiji mwaka 1908, likarithiwa na Kongo mwaka 1960, likaendelea chini ya jina la Zaire kuanzia 1971 hadi 1997, huku upande wa pili Rhodesia ya Kaskazini ikigeuka Zambia tarehe 24 Oktoba 1964. Makala ieleze kwa nini mpaka haukufa pamoja na waliouchora: viongozi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika waliahidi huko Cairo, Julai 1964, kuiheshimu mipaka iliyokuwapo siku ya uhuru, na jopo la Mahakama ya Kimataifa ya Haki, likiamua shauri la Burkina Faso na Mali tarehe 22 Desemba 1986, likasema kwamba kuibakisha mipaka iliyorithiwa ni kanuni ya jumla, haihusu bara moja tu.

Mwisho wa makala uwe kwenye haki za watu. Mwaka 1995 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua malalamiko namba 75/92, ambamo chama kimoja cha Wakatanga kilitaka Tume itambue haki ya Katanga kujitenga na Zaire. Tume ilikubali kwamba watu wana haki ya kujiamulia mambo yao, lakini ikasema haki hiyo ina sura nyingi, kuanzia kujitawala kwa ndani hadi mfumo wa shirikisho, na kwamba, pasipo ushahidi wa ukiukaji mkubwa wa haki za binadamu wala wa watu kunyimwa kushiriki katika serikali, Katanga inapaswa kuitumia kwa namna isiyovunja umoja wa nchi. Mtunzi asiikate sentensi hiyo katikati. Anayeiacha sehemu ya kwanza anawanyima watu haki yao, na anayeliacha sharti lililo katikati anaficha mlango ambao Tume yenyewe haikuufunga kwa maneno.

Makala hiyo moja itawapa vidahizo vingine vingi, yaani maneno ya kuandikiwa makala, kwa njia ya marejeo: utambuzi wa nchi, urithi wa mikataba, mipaka, majeshi ya Umoja wa Mataifa. Kidahizo hiki cha mwisho kisikose mambo mawili yaliyozaliwa na vita vya hapa kwetu. Tarehe 20 Julai 1962 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni ya ushauri kwamba gharama za jeshi la Umoja wa Mataifa nchini Kongo, pamoja na zile za jeshi lililotumwa Mashariki ya Kati, ni gharama za Umoja huo ambazo wanachama wanapaswa kuzichangia, wakati nchi kubwa, kama Ufaransa na Umoja wa Kisovieti, zilikuwa zikikataa kulipa. Na mwaka 1965 Umoja wa Mataifa ulikubaliana na Ubelgiji kulipa dola za Marekani milioni 1.5 kwa ajili ya Wabelgiji walioharibiwa mali au kuumizwa na majeshi yake nchini Kongo. Makala iulize waziwazi, kwa kuwa ni swali la kisheria, ni nani aliyekuwa na uwezo wa kumdai Umoja wa Mataifa kwa niaba ya Mkongo aliyepata hasara ileile.

Kadi ya mkataba

Kila mkataba uwe na kadi yake kabla ya kuandikiwa makala. Kadi ibebe jina rasmi, mahali na tarehe ya kupitishwa, tarehe ulipoanza kutumika duniani, tarehe Kongo ilipotia saini, iliporidhia au kujiunga, tarehe hati ya kuridhia au kujiunga ilipowekwa kwa mtunza mkataba, yaani aliyepewa kuuhifadhi, tarehe andiko lilipochapishwa katika Gazeti Rasmi, na matamko yoyote ambayo nchi imetoa ya kutofungwa na kifungu fulani. Tarehe hizi hazifanani, na kila moja ina matokeo yake. Mkataba wa Roma ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ulipitishwa tarehe 17 Julai 1998. Kongo iliweka hati yake tarehe 11 Aprili 2002, siku ambayo nchi kumi ziliweka hati kwa pamoja na idadi ya nchi 60 iliyohitajika ikapitwa. Mkataba ukaanza kutumika tarehe 1 Julai 2002. Kosa lililotendwa Mei 2002 haliko chini ya Mahakama hiyo, hata kama Kongo ilikuwa imekwisha kuridhia. Kadi isiyo na tarehe hiyo ya kuanza kutumika itampeleka wakili pabaya.

Tarehe ya kuchapishwa katika Gazeti Rasmi ndiyo ngumu kuliko zote kuipata, na ndiyo ambayo watu huiruka. Katiba yetu imeifanya kuwa sharti la nguvu ya mkataba ndani ya nchi, hivyo haifai kurukwa. Kama toleo husika halikuonekana kwenye maktaba, sehemu hiyo ya kadi iachwe tupu hadi litakapoonekana. Isijazwe kwa kukisia.

Juu ya matamko ya kutofungwa, somo bora linatoka kwenye shauri letu wenyewe. Mwaka 2002 Kongo iliishitaki Rwanda mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, ikitegemea, pamoja na mambo mengine, kifungu cha IX cha Mkataba wa mwaka 1948 dhidi ya mauaji ya kimbari, kinachoipa Mahakama hiyo uwezo wa kusikiliza migogoro ya namna hiyo. Rwanda ilikuwa imetoa tamko la kutofungwa na kifungu hicho ilipojiunga mwaka 1975. Kongo ikajibu kwamba amri ya Rwanda ya mwaka 1995 ilikwisha kuyafuta matamko yote ya aina hiyo. Katika hukumu ya tarehe 3 Februari 2006, kwa kura 15 dhidi ya 2, Mahakama ilisema haina uwezo wa kusikiliza shauri: amri iliyochapishwa katika gazeti la nchi haifuti tamko la kimataifa mpaka nchi nyingine zijulishwe, na taarifa hiyo haikuonekana. Mahakama iliongeza jambo ambalo makala lazima ilibebe, kwamba kukosekana kwa uwezo wa kusikiliza hakuiondolei nchi yoyote wajibu wa kutii sheria. Wananchi wengi walielewa hukumu ile kana kwamba Rwanda ilisafishwa. Haikusafishwa wala haikuhukumiwa. Mlango wa mahakama haukufunguka. Kamusi nzuri ingekuwa imesaidia sana mwaka ule.

Kusoma hukumu, pamoja na zile tulizoshindwa

Kwa kila hukumu, soma kwanza sehemu ya mwisho yenye amri na hesabu za kura, kisha rudi kwenye hoja. Andika nani alimshitaki nani, lini, Mahakama ilipata wapi uwezo wa kusikiliza, iliamua nini, na iliacha nini. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Mahakama kinasema hukumu huwafunga wahusika wa shauri hilo tu. Mtunzi anapoitumia hukumu kueleza sheria ya jumla, anaitumia kama ushahidi, na lugha yake ilionyeshe hilo.

Hukumu ya tarehe 19 Desemba 2005 kati ya Kongo na Uganda inajulikana kwa kila mtu hapa kama ushindi, na ni ushindi: Mahakama iliikuta Uganda na hatia ya kuvunja kanuni ya kutotumia nguvu, ikasema ilikuwa ikikalia Ituri kwa mabavu, na kwamba haikuzuia uporaji wa mali asili. Lakini hukumu hiyohiyo iliikuta Kongo nayo imevunja Mkataba wa Vienna wa mahusiano ya kidiplomasia kwa yale yaliyotendwa kwenye ubalozi wa Uganda mjini Kinshasa. Makala isiyotaja upande huo haina haki ya kuitwa ya marejeo. Ielezwe pia ilichukua muda gani kufikia fidia: tarehe 9 Februari 2022 Mahakama iliamuru dola milioni 325, yaani 225 kwa madhara ya watu, 40 kwa mali na 60 kwa mali asili, ambapo Kongo ilikuwa imedai zaidi ya bilioni 11.

Vivyo hivyo, shauri la Ahmadou Sadio Diallo lipewe nafasi yake. Guinea ilimtetea mfanyabiashara wake aliyekamatwa na kufukuzwa nchini mwetu katika miaka ya 1995 na 1996, na tarehe 30 Novemba 2010 Mahakama ikasema Kongo ilivunja Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Fidia iliyowekwa mwaka 2012 ilikuwa dola 95,000, ingawa Guinea ilitaka zaidi ya milioni 11. Mfanyakazi wa ofisi ya uhamiaji anayesoma makala hiyo atajifunza mengi kuliko katika mihadhara mingi.

Kwa desturi ya kimataifa, shauri la kufundishia ni lile ambalo Kongo iliishinda Ubelgiji tarehe 14 Februari 2002, kuhusu hati ya kumkamata Abdulaye Yerodia Ndombasi alipokuwa waziri wa mambo ya nje. Hakukuwa na mkataba unaoisema waziwazi kinga ya waziri huyo, nayo Mahakama ikaitafuta katika mwenendo wa nchi. Makala ionyeshe hatua zote mbili zinazohitajika, mwenendo unaorudiwa na imani kwamba mwenendo huo ni wajibu, na ionye kwamba mila za kienyeji ambazo kifungu cha 153 cha Katiba kinaziruhusu mahakamani ni kitu kingine kabisa.

Maamuzi ya Tume ya Afrika yawekwe katika kundi lao, kwa kuwa Tume si mahakama na maamuzi yake huja kwa sura ya mapendekezo. Mfano wa karibu nasi ni Kilwa, kwenye Ziwa Mweru, ambako zaidi ya watu 70 waliuawa Oktoba 2004. Mahakama ya kijeshi iliyoketi Lubumbashi haikumtia mtu yeyote hatiani mwaka 2007 kwa mauaji yale. Tume, katika uamuzi uliotangazwa mwaka 2017, iliikuta Kongo imevunja Mkataba wa Afrika na kutaka waathirika wanaotajwa humo walipwe dola milioni 2.5. Makala iandike uamuzi, iandike aina ya nguvu uliyo nayo, na iandike kilichotekelezwa pale tu ambapo kuna hati ya kukithibitisha. Majina ya waathirika, hasa wanawake na watoto, yasichapishwe hata pale yanapoonekana katika hati za karani; namba ya shauri inatosha.

Lugha

Kifungu cha 33 cha Mkataba wa Vienna wa mwaka 1969 kuhusu sheria ya mikataba kinasema tafsiri ya lugha isiyokuwa miongoni mwa lugha rasmi za mkataba haihesabiwi kuwa andiko halali, ila mkataba wenyewe useme hivyo au wahusika wakubaliane. Kiswahili kimekuwa lugha ya kazi ya Umoja wa Afrika tangu mwaka 2022, lakini mikataba mikubwa tunayoieleza haikuandikwa kwa Kiswahili. Kwa hiyo kila kifungu kinachonukuliwa kwa Kiswahili kiwekewe kando yake andiko la Kifaransa, ambalo hakimu wetu atalitumia. Hata lugha rasmi zenyewe hutofautiana: katika shauri la LaGrand, kati ya Ujerumani na Marekani, lililoamuliwa tarehe 27 Juni 2001, Mahakama ililazimika kuchagua kati ya Kifaransa kilichoonyesha amri na Kiingereza kilicholegea, ndipo ikasema hatua za muda inazoziagiza zinafunga.

Orodha ya istilahi ikamilike kabla ya makala ya pili kuandikwa, na kila istilahi ibaki na maana moja kitabu kizima. Kutia saini, kuridhia, kujiunga na kurithi ni matendo manne tofauti. Aliyekimbia Pweto akavuka hadi Zambia ni mkimbizi kwa maana ya Mkataba wa Afrika kuhusu wakimbizi, wa tarehe 10 Septemba 1969, ambao unamkinga hata anayekimbia vurugu za jumla. Aliyekimbia Pweto akaishia Lubumbashi analindwa kwa sheria nyingine, na Mkataba wa Kampala wa tarehe 23 Oktoba 2009, kuhusu waliohamishwa makazi ndani ya nchi yao, unamhusu yeye, ingawa mitaani wote wawili huitwa wakimbizi. Kitabu kiandikwe kwa Kiswahili kinachosomeka pia Dar es Salaam na Mombasa, lakini fahirisi iwe na maneno tunayoyasema sisi. Anayetafuta "tribinali" aelekezwe kwenye "mahakama", na anayetafuta "avoka" aelekezwe kwenye "wakili". Majina ya zamani nayo yaingie: Zaire, Élisabethville, Rhodesia ya Kaskazini, kwa kuwa mikataba na maazimio ya wakati huo yanayatumia.

Kugawa kazi na kuchapa

Kila makala iwe na mwandishi mmoja anayejulikana na msomaji wa pili ambaye kazi yake ni kufungua kila andiko lililotajwa na kulinganisha tarehe, namba ya kifungu na maneno. Msomaji huyo asiwe rafiki wa mwandishi. Hukumu za Mahakama ya Kimataifa ya Haki na mikataba ya Umoja wa Mataifa hupatikana bure kwenye intaneti, kwa Kifaransa pia. Zipakueni zote mapema na kuzihifadhi mahali pawili, maana umeme na mtandao wa hapa havifuati ratiba ya kazi yenu. Wekeni tarehe moja ya kufunga taarifa, ichapishwe kwenye ukurasa wa kwanza, na mtu asiongeze hapa na pale habari za baada ya tarehe hiyo, kwani msomaji hatajua tena ni ukurasa gani ulio mpya na upi ulio wa zamani.

Msingoje kitabu kizima. Toeni kwanza kijitabu cha mikataba inayoifunga Kongo, kisha cha mashauri ya Kongo mbele ya mahakama za kimataifa, ndipo duara za nje zifuate. Nakala chache za kila kijitabu zifungwe zikiwa na karatasi tupu kati ya ukurasa na ukurasa, zipelekwe kwa makarani wa mahakama za Lubumbashi, Likasi na Kasenga, na waombwe kuandika humo, pamoja na tarehe na andiko walilolitegemea, kila mahali ambapo wakili au hakimu ameonyesha kwamba kitabu kimekosea au hakikutosha. Baada ya mwaka mmoja nakala hizo zikusanywe, na toleo la pili lianzie kwenye karatasi hizo.